Faili Iliyopotea Bila Sahihi

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi hapa Nyeri. Mbele yangu alisimama mjane kutoka Othaya, kiondo mgongoni. Alinieleza kwamba shemeji yake amevuka mpaka na kupanda kahawa katika shamba lake, na chifu hataki kuamua bila nakala ya rejista. Hii ilikuwa safari yake ya nne.

"Cucu, faili yako haionekani," karani akamwambia, akimwita nyanya kwa Kikuyu, macho yakiwa kwenye gazeti. "Rudi wiki ijayo."

"Imeenda wapi, na haina miguu?"

"Imepotea tu."

"Sawa, kijana wangu. Basi niandikie hivyo. Andika imepotea, utie sahihi, upige muhuri. Nitampelekea DC mwenyewe."

Karani akakunja gazeti. Akautazama muhuri, akamtazama mama, akaingia ndani. Hata hatujabadilishana habari za mvua, alikuwa amerudi na faili, akiipangusa vumbi kwa mkono wa koti.

"Kumbe ilikuwa chini ya zingine."

"Pole kwa kuinama," mama akamjibu, akangoja nakala yake, akaitia kiondoni.

Nimezijua ofisi hizi tangu bendera ya uhuru ipandishwe. Karani haogopi faili kupotea. Anaogopa karatasi inayosema ilipotea mikononi mwake. Kwa hivyo zamu yangu ilipofika sikupoteza wakati kwa salamu. Nilimuuliza, "Yangu iko, ama nikupe kalamu?"