Nyayo Nyuma ya Mama Chupa

Wanafunzi wa kemia walimwita Mama Chupa, kwa sababu chupa ikivunjika maabarani, kosa lilikuwa la mvunjaji lakini uchungu ulikuwa wake. Aliosha vyombo, akaandaa vya mazoezi, na alimpa mzembe vidonge vyake vya maneno papo hapo, awe mwanafunzi au profesa.

Kisha akaugua. Alianza kusikia nyayo zikimfuata. Akigeuka, hakuna mtu. Akalazwa, akatibiwa, akapata nafuu. Daktari alimruhusu kurudi kazini kwa sharti moja: akizisikia tena, aseme mapema.

Idarani walimpokea kwa mikono miwili. Watu wema wale, sitawasema vibaya, ila wema wao haukumuuliza mwenyewe lolote. Kabla hajafika walikubaliana chini kwa chini kwamba asiachwe peke yake karibu na asidi, na kwamba asijue, asije akaumia moyo. Wakapeana zamu. Akiingia stoo, mmoja alimfuata taratibu. Akigeuka, huyo alijibanza nyuma ya kabati.

Jamani, watu na shahada zao.

Basi Mama Chupa akazisikia nyayo tena, na akigeuka, hakuna mtu. Aliogopa mno. Alimweleza daktari kama alivyoahidi, dawa ikaongezwa, mikono ikaanza kumtetemeka.

"Acha kazi, mdogo wangu," dada yake alimsihi nyumbani. "Itakumaliza."

Akakubali shingo upande. Kazi ndiyo pekee ambayo ugonjwa ulikuwa haujamnyang'anya.

Siku ya kuaga alikuwa stoo akipanga chupa, akasikia chafya nyuma ya kabati. Akazunguka. Mtunza stoo alikuwa amechuchumaa pale, mtu mzima na kitambi chake, amejiziba pua.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni sisi sote, dada. Kwa zamu. Tulikuwa tunakulinda."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hakuwa mgonjwa. Kazi ilikuwa yake bado.

"Si mngeniambia tu? Tungetembea pamoja, tukapiga soga."

"Tumekosa. Kuanzia leo hajifichi mtu."

"Na kule ngazini asubuhi mkome kunifuata. Leo mmenitia kiwewe."

Mtunza stoo angeweza kunyamaza. Idara nzima ilikuwa hodari wa kunyamaza kwa wema. Safari hii alikaa sakafuni kando yake, akamshika mkono.

"Dada," alisema, "ngazini hatujawahi kukufuata."