Wiki Tuliyompandisha Bibi Melini

Juzi baba alinipigia simu. Unamjua mzee akishafurahi: hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri, akaingia moja kwa moja kwenye habari yake. Watoto wangu wawili wako sekondari. Wakifunga shule mwezi wa sita, anataka kuwachukua awapeleke Ziwa Nyasa wakapande meli, "kama nilivyowapeleka ninyi." Nilikuwa nimeweka sauti ya juu, na watoto walirukaruka mpaka kochi likalia. Kabla hatujamaliza kuongea walishaanza kutafuta picha za meli, zile kubwa zenye bwawa la kuogelea juu. Nikamwambia baba mtandao unakata, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Wanangu wanaijua safari ile kwa namna babu yao anavyoisimulia: treni, mahandaki, mawimbi, na bibi yangu akicheza ngoma juu ya meli na khanga kiunoni. Yote ni kweli. Lakini kuna nusu nyingine ambayo yeye huiruka, na leo nimechoka kukaa nayo peke yangu, kwa hiyo kaa tuongee.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili na kaka yangu kidato cha nne. Tulikaa Ifakara mjini, na baba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ilikuwa ya mtu mwingine. Kila jioni alirudi nyusi zimejaa vumbi la pumba, akanawa, akakaa, akaanza wimbo wake wa kila siku: angekuwa na mashine yake mwenyewe, tungeona. Mama alikuwa anaitikia "haya" huku akichambua mboga. Ulikuwa wimbo wa nyumba yetu, sisi watoto hata hatukuusikia tena.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na shamba Katindiuka, pembeni ya mji. Yeye na babu walilifyeka wenyewe likiwa matete matupu, na babu alipofariki akabaki nalo. Sisi tulikulia mle. Tulipalilia, tulivuna, na zaidi ya yote tuliamia ndege. Kama hujawahi kulima mpunga, nikwambie: punje zikishaingia maziwa, kwelea wanakuja kama wamealikwa, na wasipofukuzwa kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama utavuna nyasi. Bibi alikuwa na dungu lake katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, na kutoka pale kamba zilikwenda pande zote zikiwa na makopo matupu. Ukivuta kamba moja, makopo yanalia mpaka kwa jirani. Juu ya dungu tulikula pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa moto moto mpaka ukawa bapa, laini, wenye harufu ambayo sijaipata tena katika mchele wowote. Bibi aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na pepeta ya kwanza ya msimu aliitia kwenye kiganja changu kabla ya mtu mwingine. "Onja, mke mwenzangu, usije ukasema nakunyima cha mume wetu."

Mwaka huo kabla ya mavuno bwana mmoja alikuja na gari kuliangalia shamba. Baba ndiye aliyemleta. Bibi hakushuka hata kwenye dungu. Alisema kutoka juu, "Nikifa mtalima. Kuuza, hapana," halafu akavuta kamba, makopo yakalia, na yule bwana akaondoka. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka, akamfuata mgeni wake, nasi tukajua yamekwisha.

Wiki chache baadaye baba akaleta habari ya meli. Likizo ya mwezi wa sita tutasafiri wote, alisema, mpaka Nyasa, tukapande meli twende nayo na kurudi nayo, kama watu. Unaelewa uzito wa jambo lile? Sisi maji tunayajua. Mto Kilombero tunao, mitumbwi tumepanda, kivuko tumepanda. Lakini meli yenye ngazi, vyumba na jiko ndani! Darasani kwetu hakuna aliyewahi. Nilianza kujigamba shuleni hata kabla ya kujua tutaondoka lini.

Tatizo lilikuwa bibi. Mvua zilichelewa mwaka ule na mpunga wake ulikuwa bado kwenye maziwa. Kwetu mwenye shamba hashuki kwenye dungu wakati huo, labda kwa msiba. Baba alimwomba, akakataa. Mama hakujaribu. Ndipo baba akaniita pembeni, akaniwekea mkono begani, akasema, "Wewe ndiye anayekusikiliza. Bibi asipokwenda, hatuendi. Mwambie nimeshapata mtu wa kuamia."

Nikaenda mbio. Nilimkuta anasuka kamba.

"Bibi, twende wote. Baba ameshapata mtu wa kuamia."

"Mtu gani?"

"Mtu mzima, bibi. Anajua kazi."

Akaacha kamba, akaniangalia. "Umemwona?"

Sikuwa nimemwona mtu yeyote. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tano na nilikuwa naitaka meli ile kuliko kitu chochote duniani.

"Nimemwona," nikasema.

Bibi akacheka, akanipiga kofi dogo la mgongo. "Basi mke mwenzangu akisema ameona, mimi ni nani nibishe?"

Tukaondoka. Treni ilikuwa na harufu ya ndizi na ya watoto wachanga. Mlimba tulinunua kuku wa kuchemsha kupitia dirishani, na baada ya hapo yakaanza mahandaki. Kila giza lilipoingia bibi alijifunika khanga kichwani, na mwanga uliporudi alijifunua na kutuhesabu kwa kidole kama tupo wote. Mbeya baridi ilitukaribisha vibaya, hatukuwa na sweta hata moja. Tukateremka kwa basi mpaka Kyela, na kesho yake tukaiona meli.

Haikuwa kubwa. Leo ningekwambia ni meli ya wastani, rangi imebanduka ubavuni, mabenchi ya mbao chini na vyumba vichache juu. Siku ile niliona ghorofa linaloelea. Kaka, ambaye safari nzima alikuwa anajifanya mtu mkubwa asiyeshangaa, alipanda ngazi mara tatu kwa sababu tu ni ngazi. Tulikaa juu, upepo wa mwera ukatupiga, na milima ikasimama ukingoni mwa ziwa, mirefu, haina hata njia ya gari. Meli ilikuwa inasimama mbali na vijiji, mitumbwi ikaja kuizunguka na watu wakapandishiana magunia, mbuzi, vyungu, wagonjwa. Wali wa melini ulikuwa wa mawe na mchuzi wa maji, tukala kama harusini. Mama peke yake hakula. Alijilaza kwenye benchi uso ukutani, na tulisema ni kichefuchefu cha mawimbi.

Na bibi! Siku ya kwanza alishika nguzo kwa mikono miwili. Siku ya pili aliachia mkono mmoja. Alisimama kwenye ukingo, akayaangalia yale maji yasiyo na mwisho, akasema, "Maji yote haya, na hakuna hata jaruba moja la mpunga!" Watu wa karibu wakaangua kicheko. Jioni wanawake wa Mbamba Bay waliokuwa wanarudi kwao wakapiga ndoo, na bibi yangu akafunga khanga kiunoni akaingia kati. Sijawahi kumwona vile, wala kabla wala baadaye. Alicheza kama msichana ambaye hana shamba wala ndege wa kufukuza. Baba alisimama pembeni anapiga makofi.

Baba alikuwa na simu, moja kwa nyumba yetu nzima. Kila bandari alikuwa anashuka au anapanda juu kabisa kutafuta mtandao. Alisema anamuuliza baba mdogo habari za nyumbani. Mbamba Bay alichukua muda mrefu, akarudi uso umekunjuka, akatununulia soda wote, na ya bibi akamfungulia mwenyewe. Bibi alimbariki kwa Kindamba, maneno marefu, huku ameshika chupa. Baba aliinamisha kichwa kupokea baraka. Mimi niliona ni unyenyekevu.

Wakati wa kurudi bibi alinunua usipa, wale dagaa wa Nyasa, furushi zima, akalibeba mapajani meli nzima, basi zima, treni nzima. Lilinuka mpaka kaka akahama kiti. "Ni wa yule mtu wa ndege," bibi alisema. "Mtu amekulindia mpunga wiki nzima, unarudi mikono mitupu?"

Asubuhi baada ya kufika aliniamsha mapema twende shambani. Baba alisema apumzike kwanza, miguu imevimba. Bibi alikuwa ameshavaa ndala.

Tulipofika sikulijua shamba. Dungu halikuwepo. Miti yake ilikuwa imelazwa chini, kamba zimekusanywa, makopo yamerundikwa pamoja. Vigingi vipya vilikuwa vimepigwa kwenye pembe, na katikati ya mpunga alikuwa mtu mmoja wa makamo anafukuza ndege kwa fimbo. Alipotuona akaja, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Kumbe ndiye wewe? Ahsante sana, Mungu akubariki." Akamwekea lile furushi mikononi.

Yule mtu alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaliangalia, akatuangalia sisi. "Nashukuru, bibi. Nimsalimie bosi kutoka kwa nani? Yeye ndiye aliyenunua hapa. Mimi ananilipa tu niulinde mpunga."

Hakuwa na kosa. Nataka ujue hivyo, maana mimi nilimchukia kwa miaka mingi bure.

Jirani wa upande wa chini ndiye aliyetueleza, naye alieleza kwa furaha, akidhani anatupongeza. Kwetu shamba haliuzwi mezani. Muuzaji, mnunuzi na majirani wa pande zote hulizunguka kwa miguu mpaka hadi mpaka, na mwenyewe akiwa mle ndani akasema hapana, kila mtu anarudi kwake. Baba mdogo aliwazungusha. Majirani waliuliza, mama mwenye shamba yuko wapi? Wakaambiwa ameridhia, ndiyo maana ameliacha dungu mpunga ukiwa maziwa akaenda kupumzika melini. Na wao wakaamini, kwa sababu nani asiyemjua bibi? Mwanamke yule kushuka kwenye dungu wakati wa ndege ilikuwa sawa na kutia dole gumba. "Tulisema huyu kweli ameachia," jirani alisema. "Hongera, mama. Umetumika vya kutosha."

Bibi alisimama kidogo. Aliokota kopo moja, akalitikisa, likalia, akalirudisha kwenye rundo. Tukageuka. Njia nzima hakulia na hakulaani. Karibu na nyumbani ndipo alipoongea, bila kuniangalia.

"Uliniambia umemwona."

Hilo tu. Kwa baba nilisikia aliongea zaidi, na mama alisimama mlangoni akasema kikulacho ki nguoni mwako, ndipo nikajua kile kichefuchefu cha melini kilikuwa cha nini. Baba alijibu kwamba mashine ni ya familia, kwamba tutaona. Kweli mashine ilikuja. Ilikoboa mpunga wa watu, na sisi tukawa tunanunua mchele. Lakini bibi kwangu hakusema tena neno juu ya jambo lile mpaka kufa kwake. Alinipikia, alinisuka nywele, alinipa baraka nilipokwenda kidato cha tano. Ila kuanzia siku ile aliniita kwa jina langu. Mke mwenzangu alibaki melini.

Miezi ya ndege ilipofika alikuwa anaamka alfajiri kama zamani, akakaa barazani mikono mapajani, akisikiliza. Mwaka jana nilipita Katindiuka. Pana nyumba za kupangisha na duka la vifaa vya ujenzi, na hata mpaka wa shamba la bibi sikuweza kuuonyesha ulikuwa wapi. Mashine ya baba nayo iliharibika siku nyingi, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Pepeta siku hizi nainunua sokoni kwenye mfuko. Naila, lakini nani wa kunitilia ya kwanza kiganjani?

Jana nikampigia baba mwenyewe. Niliwatuma watoto dukani kwanza. Nikamwamkia, akaitikia, akaanza tena habari za nauli na vyumba vya juu. Nikamwacha amalize.

"Baba," nikasema, "safari hii unauza nini?"

 Akakohoa, na sauti yake ikaja ndogo, ya mzee.

"Bibi yako alifurahi sana kule, mwanangu. Wewe ulimwona. Alicheza."

Na ni kweli. Nilimwona. Alifunga khanga, akacheza, akacheka mpaka machozi, na wakati huohuo watu walikuwa wanatembea kwenye mipaka yake. Bibi angekuwa amenuna njia nzima, ningekuwa nimeshamsamehe baba zamani.