Mkwe Kwenye Kiti cha Nyuma

Mwaka jana nilivuka Tunduma nikiendesha gari langu mwenyewe, naenda harusini Nakonde, upande wa Zambia. Foleni ya malori ilianzia huko nyuma hata sikuona mwisho wake, lakini sisi wa magari madogo tulipitishwa pembeni. Dirishani kwenye ofisi ya uhamiaji alikaa binti mmoja mwenye kucha ndefu. Bila kuinua macho akaniambia, "Mama, angalia kamera." Nikaiangalia, nayo ikaridhika na sura yangu, nikaambiwa nipite. Basi, rafiki yangu, kwa jambo dogo kama hilo nilipofika upande wa pili niliegesha gari kando ya barabara nikalia. Wauza vitenge wakadhani nimeibiwa, wakaja kunipa pole.

Nilikuwa nimemkumbuka baba. Mahali palepale, mimi nikiwa mtoto, baba aliambiwa atazame uso wa mtu, akakataa.

Sisi ni watu wa Ihanda, kijiji cha upande wa Tanzania. Miaka ile ya kupanga foleni ya sukari na kugawiwa sabuni kwa vipande, baba alikuwa na shamba la kahawa, na alikuwa na gari kuukuu aina ya Pijo alilorudi nalo kutoka migodini Zambia. Wakati wa mavuno kijiji kizima kilinuka maganda ya kahawa, harufu tamu na kali kwa pamoja, ikaingia kwenye nguo na kwenye ugali. Watoto tulishinda tukigeuza kahawa kwenye vichanja na kuchambua mbovu. Jioni tulikula ugali wa ulezi na maharage, midomo ikiwa bado inauma kwa sababu ya kutafuna kahawa mbivu tuliyokatazwa.

Ng'ambo ya shamba, upande wa bondeni, palikuwa na nyumba ya bibi mzaa mama. Bibi alikuwa Mnyamwanga, mzaliwa wa upande wa Zambia, akaolewa Msangano, akafiwa na mume huko. Wanawe wa kiume walikuwa wametawanyika migodini. Mama akamwomba baba amlete karibu, na baba akamjengea nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, ila mlango wake akauelekeza bondeni ili usitazamane na mlango wetu. Wageni walidhani fundi alikosea.

Fundi hakukosea. Kwetu enzi zile mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakusemezana, wala hawakutajana majina. Baba akipita shambani alikohoa tangu mbali, na bibi akikisikia kikohozi hicho alijitosa kati ya miti ya kahawa na kujifunika kanga kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Bibi alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mwambie baba yako mikahawa ya bondeni ina wadudu." Baba akiwa amesimama hapohapo nyuma ya mkahawa alinijibu, "Mwambie bibi nimesikia." Nami nilipiga hatua zangu hadi kwa bibi, nikamwambia baba amesikia, na bibi akaitikia kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari. Niliipenda kazi hiyo. Nilijiona waziri.

Usidhani palikuwa na chuki. Sukari ikipatikana, kikombe cha kwanza kilikwenda bondeni kabla yetu. Bibi naye, ulezi wake ukiiva, unga wa kwanza aliousaga ulikuwa wa uji wa baba. Nikiuliza kwa nini wasisalimiane tu yaishe, bibi alinijibu, "Heshima si utumwa," akaendelea kusaga.

Tena mwiko huo ulikuwa na njia ya kuondolewa. Mkubwa wa ukoo wa mke akishamkubali mkwe, huitisha karamu, akamruhusu kwa kinywa chake, na tangu siku hiyo watu hao husalimiana kama mama na mwana. Kwetu mkubwa huyo alikuwa dada yake bibi, aliyeolewa kule Zambia, mbali kidogo na mpaka. Karamu ikaahirishwa mwaka hadi mwaka. Mara sukari hakuna, mara kipindupindu kimefunga njia, mara mvua imekata daraja. Bibi alikuwa akienda mwenyewe kumsalimu dada yake, anavuka kwa miguu kupitia mashambani kama watu wote wenye ndugu pande zote mbili, hadi goti lake lilipokataa.

Jumapili moja tulikuwa ndio tunatoka kanisani, mtu akafika na baiskeli kutoka Tunduma, amelowa jasho. Dada yake bibi alikuwa mahututi. Hakuwa akila tena, na neno pekee alilokuwa akilisema ni jina la bibi.

Bibi alikaa chini palepale kwenye nyasi. Hakulia, alishika goti lake tu. Basi halikuwepo siku hiyo. Na wewe uliyekuwepo miaka ile utakumbuka, magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Saa sita ilikuwa imeshapita.

Watu walimzunguka baba na suti yake ya kanisani. Mzee wa kanisa akasema, "Ngojeni kesho, atapata lori." Jirani yetu, mama mmoja asiyejua kunong'ona, akasema hata kama gari lipo, tangu lini mtu akampakia mkwe wake kwenye gari dogo, wakavuta pumzi moja? Mama alimtazama baba. Baba akaangalia jua, kisha akaniambia, "Mwambie bibi ajiandae. Na wewe utakaa naye nyuma." Halafu akamwambia mama, "Lete kaniki."

Wakafunga kamba toka mlango hadi mlango, nyuma ya viti vya mbele, wakatundika ile kaniki, nguo nyeusi nzito, ikakata gari vipande viwili, na vioo vya nyuma wakaviziba kwa kanga. Baba akageuza kioo cha dereva kikatazama juu. Akasimama nyuma ya nyumba hadi bibi alipoingia. Tukaondoka, baba na mama mbele, mimi na bibi nyuma gizani, na kikapu cha unga wa ulezi wa uji wa mgonjwa magotini pangu. Gari lilinuka petroli ya dumu. Bibi alikuwa hajawahi kupanda gari dogo, akawa ameshika mkono wangu, na kila tulipoingia shimoni kucha zake zilinizama. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwambie baba yako, tutamkuta?" Nikamwambia. Baba akasema, "Mwambie bibi naendesha."

Tulifika kizuizini Tunduma saa nane ikiwa mlangoni. Upande wa Zambia marufuku ile haikuwapo, mradi tuvuke. Akatujia askari kijana, mtu wa mbali, Kiswahili chake laini kama cha redioni. Akachungulia, akaiona kaniki.

"Mzee, nyuma kuna nini?"

"Kuna mtu, afande. Mgeni wangu."

"Mbona umemfunika?"

Baba akasafisha koo. "Ni mama wa mke wangu."

Askari alikuwa na haki ya kushuku. Miaka ile kahawa ilivushwa kwa magendo ndani ya magodoro na hata ndani ya majeneza, na sabuni ikarudi kwa njia hiyohiyo. Akamwamuru baba ashuke, afunue kaniki kwa mkono wake mwenyewe, amwonyeshe abiria wake. Baba akashuka, akasimama amelielekezea gari mgongo.

"Siwezi kufunua, afande. Funua wewe."

"Basi nitajie jina lake."

Baba akanyamaza. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, jasho limemlowesha kola. Mama akataka kulitaja yeye, askari akamkatiza. "Sijakuuliza wewe, mama. Namuuliza dereva." Kisha akamgeukia baba. "Yaani umebeba mtu hadi mpakani, sura yake huijui na jina lake hulijui? Mzee, mimi mtoto mdogo? Lete ufunguo. Gari litalala hapa."

Watu walianza kukusanyika, wachuuzi wa karanga na mahindi ya kuchoma. Mmoja wao, Mnyamwanga, akapaza sauti, "Afande, huyo ni mkwe wake, hawezi!" Wengine wakacheka. Nilimwogopea baba. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa kijijini, na sasa alisimama katikati ya vicheko kama mwizi wa kuku, naye angeweza kuyamaliza yote kwa kutamka neno moja tu. Hakulitamka.

Bibi akaniachia mkono. Akasema, kwa ile sauti yake ya shambani, "Mwambie baba yako afumbe macho."

"Baba," nikasema, "bibi anasema ufumbe macho."

Baba akafumba, mbele ya askari na mbele ya watu wote. Bibi akaivuta kaniki ikaanguka, akafungua mlango, akashuka kwa shida na goti lake, akaenda kusimama juani kando ya baba, kichwa wazi. Akalitaja jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na jina la dada yake anayekufa. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina la bibi kinywani mwake kabla ya hapo. "Huyu ni mume wa mwanangu," akamwambia askari. "Hana kosa. Nimechelewa, mwanangu, tupishe."

Vicheko vilikuwa vimekatika. Askari akamtazama bibi, akamtazama baba. "Mzee, ndiye huyu?"

"Ndiye," baba akajibu, macho bado kayafumba.

"Utajuaje na wewe huoni?"

"Naijua sauti yake."

Yule kijana akapekua kikapu cha ulezi, akainua viti, hakukuta kitu. Akaenda mwenyewe kuinua kizuizi. Nilimsikia akimwambia mwenzake, si kwa dharau, "Kwetu sisi wakwe tunakula nao sahani moja."

Tulimkuta dada yake bibi yu hai. Hakuweza kusema tena, lakini bibi alipoinama na kumwita, alimshika kidole akakiminya, hakukiachia hadi alfajiri alipokata roho. Bibi alirudia siku ile yote, "Amenijua. Amenijua." Baba hakuingia ndani. Alikaa nje na wanaume, akashika jembe wakati wa kuchimba kaburi. Ile kaniki bibi aliirarua vipande, wafiwa wakafunga vichwani.

Kwa hiyo siku ya kurudi hapakuwa na pazia. Mama alifungua kitenge chake akitundike, bibi akamzuia kwa mkono. Tukapanda. Baba alikaza shingo akitazama mbele tu, na kioo kilikuwa bado kimetazama juu. Barabara ya kule ilikuwa mawe matupu, Pijo ikawa inaruka, na mimi nikakaa tayari kusubiri neno la kupeleka.

Bibi hakunitazama hata. Akasema, "Baba, taratibu. Mwili wangu umechoka."

Baba akakanyaga breki. Gari likasimama katikati ya barabara, vumbi likatupita. Akainamisha paji la uso kwenye usukani, mabega yakawa yanamtikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, wala baadaye sikumwona tena. Kisha akajibu, "Ndiyo, mama." Akawasha gari, akaliendesha taratibu.

Nilidhani bibi amechanganyikiwa kwa msiba. Nyumbani nikamuuliza mama, mbona karamu haijafanywa, mbona baba hajaruhusiwa? Mama alikuwa akipepeta mchele, akaacha. "Aruhusiwe na nani?" akaniambia. "Mkubwa wa kumruhusu amekufa. Sasa mkubwa ni bibi."

Bibi aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Jioni baba alikuwa akishuka bondeni na kigoda chake, wakakaa kuongea habari za wadudu wa kahawa na za watu wa migodini, mambo ya kawaida kabisa, na mimi nikibaki juu sina wa kumpelekea salamu. Nilisikia wivu, usinicheke. Sasa mikahawa ile imeng'olewa, watu wamepanda parachichi, na nyumba ya bondeni haina paa. Hakuna anayekohoa akipita.

Nina mkwe, kijana mzuri. Tukikutana ananikumbatia mbele ya watu na kuniita kwa jina, nami nafurahi, simdanganyi mtu. Lakini pale Nakonde, ndani ya gari langu, nilipiga hesabu ya wazee wetu wa pande zote mbili za mpaka, nikakuta wamekwisha. Sasa mkubwa ni mimi, wala hakuna anayeningoja nimruhusu kitu.