Karani Aliyesoma kwa Sauti

Mwezi mmoja baada ya Idi, miaka ile ya hamsini, karani wa duka la Msambweni alikuja kumdai mume wangu kwa adabu zake zote: aliegemeza baiskeli kwenye ukuta nilioupaka chokaa juzi, akapiga hodi mtaa mzima usikie. Mimi nami mdomo sikunyimwa. Nikamwambia mume wangu ni mcha Mungu, hali cha mtu akakana. Kama deni lipo, asome kitu kimoja kimoja na siku kilipochukuliwa, majirani wakishuhudia.

Maskini, akanitii. Sukari, sabuni, mafuta ya taa, hayo niliyajua. Kisha akasoma: mkate na soda, adhuhuri, vililiwa nyuma ya duka, siku ya sita ya Ramadhani. Akaendelea: siku ya tisa, vilevile. Zikatimia siku saba. Majirani wakageuka kutazama kuku.

Mume wangu, aliyekuwa barazani na tasbihi yake, akasema upesi, "Mlipe, mke wangu. Kubishana si vizuri."

Nikamlipa. Kisha kwa siku saba sikuwasha jiko mpaka magharibi, na mcha Mungu wangu hakuuliza chakula.