Bibiche hafungi tena kingo za vikapu

Kwaru, kwaru. Kisu kinakwangua mwanzi gizani kabla jogoo wa Burungu, mashariki mwa Kongo, hawajawika. Bibiche Nyiransengimana, mwenye miaka ishirini na sita, anasuka kikapu cha mavuno bila taa.

Akifika ukingoni, panapofungwa kwa kamba, anasita. Ana mimba ya miezi mitano, na mama mkwe wake, Mukamurenzi, amemkataza kufunga chochote hadi ajifungue.

"Ulifunga vikapu na mimba ya kwanza, njo sababu unaona vidole vya mutoto. Unataka kumufunga na huyu?"

Mtoto huyo ni Fifi, wa miaka sita. Alizaliwa vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshikana.

Tangu vita iwatoe shambani, nyumba inakula kwa vikapu: sita kwa wiki, faranga elfu tano kila kimoja. Kuacha ni njaa. Kuendelea je, ni kumdhuru mtoto?

Bibiche alilipeleka swali hilo kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Mwalimu Védaste akachora mkono wa mtoto aliye tumboni, mpana kama mguu wa bata. Akaeleza kuwa seli za kati ya vidole hupaswa kujifia, ndipo vidole viachane. Mitokondria, majiko madogo yanayoipa seli nguvu, ndiyo pia humwaga ndani yake kitu cha kuiua.

"Mwalimu, jiko lenye kutupikia njo linaua mwenye nyumba?" aliuliza Bibiche.

"Njo vile, Mama. Bila kifo kile, hakuna vidole."

"Basi Fifi wangu alikosa kufa kidogo?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye akaendelea kuuliza. Kwa nini seli za Fifi hazikufa?

"Pengine ni ya famille, ya ukoo, pengine hatujue," alijibu Védaste. "Lakini kamba ya kikapu haifike kule."

"Nilienda na swali moja, nikarudi na tatu," anasema Bibiche. "Kama si kamba, ni damu yangu? Ao ya bwana yangu? Na mutoto anajengwa na kufa, namna gani?"

Mukamurenzi aliposikia, alimkodolea macho. "Masomo gani ile, ya kufisha watu mu tumbo!"

Kisha akavuta kikapu. "Leta, nitafunga miye. Tumbo yangu ilishamaliza kazi."

Ndivyo wanavyofanya sasa: mmoja anasuka, mwingine anafunga. Bibiche anapanga kusuka hadi mwezi wa nane wa mimba, kisha arudi darasani na mtoto mgongoni, akaulize tena.

"Nitaangalia vidole kwanza," anakiri, "mbele ya kuangalia kama ni boyi ao binti."

Fifi, anayepanga mianzi kati yao, anainua uso.

"Kama vidole vyake viko kama vyangu, nitamufundisha kusuka."