Kupasha Injini Alfajiri

Sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Maji ya chai yakichelewa kuchemka huyaondoa mekoni yakiwa vuguvugu nikayanywa hivyo hivyo. Kwa hiyo ile taa ya rangi ya chungwa ilipowaka kwenye dashibodi ya gari langu, kipicha cha kisanduku chenye vitone ndani, sikuweza kuiacha. Niliigonga kwa kidole. Nikazima gari, nikaliwasha tena. Nikafungua kitabu cha maelezo, nikakuta kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Taa haikutikisika.

Gari lenyewe ni la dizeli, lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na nililinunua kwa sababu kila mtu Nakuru aliniapia kwamba dizeli inakula kidogo na ina nguvu. Hakuna aliyeniambia kwamba magari haya ya siku hizi yana chujio ndani ya ekzosi la kunasa masizi, na kwamba chujio hilo lina maringo yake. Nina duka la dawa mjini, na ninaishi upande wa chini wa Milimani, ule ambao wenye Milimani yao hawauhesabu. Kutoka nyumbani hadi dukani huwa sijamaliza hata kusikiliza taarifa ya habari.

Ninaishi na baba yangu. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la kinu cha unga, akapanda na kushuka baridi ya Mau mpaka akastaafu, akarudi kwenye shamba letu la Bahati. Mama alipofariki alibaki huko peke yake. Siku moja jirani akanipigia simu kwamba hajaona moshi jikoni kwa mzee. Nilienda, nikamkuta ameketi na koti lake kubwa, ugali mezani umekauka hadi umepasuka, hajaugusa. Nilimfungia nguo, nikamleta mjini siku hiyo hiyo bila kumuuliza anataka au hataki. Ndivyo nifanyavyo mambo yangu.

Kwangu hapakuwa na ng'ombe wala ua wa kukata. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akaketi, akainuka, akafagia tena. Halafu akaligundua gari. Kila alfajiri alichukua ufunguo kwenye msumari ulio karibu na mlango, akawasha injini, akaiacha ingurume huku akipangusa vioo na kupiga magurudumu teke la ukaguzi. Malori ya zamani yalipashwa moto hivyo kabla ya safari, na dereva aliyeondoka na injini baridi hakudumu kazini. Mimi nilikuwa napiga kelele kutoka dirisha la bafu, mswaki mdomoni, "Baba, bado?"

"Bado, mama," alinijibu. "Haijapata moto."

Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Tangu aanze kazi hiyo alianza tena kunyoa ndevu. Akaanza kumaliza chakula kwenye sahani. Nilijisifu dukani kwamba mji mzima hakuna mwanamke anayeingia kwenye gari lililopashwa moto isipokuwa mimi.

Siku chache baada ya taa kuwaka nilikuwa naelekea Njoro kuona mtu wa kuniletea dawa za mifugo. Kwenye mwinuko gari likaishiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, likaendelea kutambaa tu. Lori la kabichi likanipita. Kisha bodaboda iliyobeba abiria wawili na godoro ikanipita pia, na yule wa nyuma akanipungia mkono. Nilitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akasema ni sensa. Akabadilisha sensa. Taa iliwaka tena kabla sijafika getini kwangu.

Fundi wa pili hakuhitaji mashine. Alilala chini ya gari, akatoka anatabasamu. "Mathe, hii ni DPF inakusumbua, chujio ya masizi. Hiyo ni kitu ya wazungu. Wacha niitoe, nichomelee hapo, uende zako. Na sikuchaji kitu."

Nakuru hii, hata upepo wa gurudumu unalipiwa. Nilimkazia macho mpaka akacheka, akakiri kwamba madini yaliyomo ndani ya chujio yana wanunuzi wake, wanakuja na gunia.

"Na moshi?" nilimuuliza.

"Moshi inabaki nyuma, mathe. Wewe si uko mbele?"

Nilicheka, lazima niseme ukweli. Kisha nikawakumbuka walio nyuma, akina mama wanaokuja kwenye kaunta yangu na watoto ambao vifua vyao vinapiga filimbi, wananiuliza dawa ipi ni nafuu. Nikamnyang'anya ufunguo wangu.

Fundi wa tatu aliniambia chujio jipya ni bei ya ng'ombe wawili wa Njoro wanaokamuliwa. Nikaketi kwenye kopo la rangi. Akasema basi anaweza kulifungua alioshe, na bei ya kuosha nayo ilitosha kodi ya duka ya mwezi. Nililipa nikiwa nimenuna. Alipokuwa ananirudishia ufunguo aliniuliza ninalitumiaje gari. Nikamweleza safari zangu fupi, na kwa kujivuna nikaongeza kwamba mzee wangu hulipasha moto kila asubuhi, tena kwa muda mrefu.

"Eh, hapo ndio shida," akasema. "Hii gari ikinguruma imesimama, ekzosi haipati moto ya kuchoma hiyo masizi. Inajaa tu. Inataka barabara, nusu saa hivi, mwendo moja. Mwambie mzee aache kuiwasha."

Mwambie mzee. Kama kumwambia mtu funga mlango.

Sikumwambia. Mimi ambaye huwaambia wateja kwamba wamenenepa, nilishindwa. Nilianza kulala na ufunguo chini ya mto. Asubuhi ya kwanza nilimsikia akipapasa ukuta penye msumari, akipapasa tena, na nilijifunika blanketi hadi kichwani. Nikamwambia niliusahau kwenye mkoba. Kesho yake nikamwambia hivyo hivyo. Siku ya tatu alinisubiri mlangoni kwangu akiwa na kitambaa chake begani, na sikuwa na uongo mwingine. Nikampa.

Haikuchukua muda mrefu taa ikawaka tena. Ilikuwa asubuhi, nimechelewa, baba amesimama kando ya dirisha ananionyesha doa alilolitoa kwenye boneti, na mimi naiangalia ile taa na kuona kodi ya duka ikitoka kwa ekzosi.

"Baba, ni wewe unaiharibu hii gari!" nilipayuka. "Kila siku unaiwasha, unaiwasha! Hii si lori! Inataka barabara, haitaki kusimama hapa ikinguruma! Iache!"

Alikunja kitambaa chake mara mbili. "Sawa, mama," akasema, akaenda kunifungulia geti.

Baada ya hapo ufunguo ulikaa kwenye msumari na hakuna aliyeugusa. Nilikuwa naamka wakati ule ule, nikisubiri mngurumo, kisha nakumbuka. Baba alikuwa analala mpaka jua linaingia chumbani. Ndevu zikarudi. Jioni nilikuta chakula chake kimefunikwa na sahani nyingine, vile vile nilivyokiacha. Nilizunguka nyumba nikipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Niliogopa, na nilijua naogopa nini. Jioni ya tatu ya chakula kisichoguswa akaniambia, macho kwenye televisheni iliyozimwa, kwamba shamba la Bahati halina mtu wa kuliangalia na yeye anaonelea arudi kesho. Nikamwambia hayo ni mambo ya kuzungumza. Akasema ameshafunga begi.

Sikulala vizuri. Kulipoanza kupambazuka, mlima Menengai bado haujatoka kwenye ukungu, nilijifunga leso, nikachukua ufunguo, nikaenda uwanjani na miguu yangu mitupu. Nikaingia garini, nikaliwasha. Ile taa ya chungwa ikawaka na nyingine zote, na nyingine zilipozimika ikabaki. Sikujali. Niliacha injini ingurume. Nilikaa pale huku goti langu likichezacheza, nikijua kila dakika inalipiwa, nikalitazama dirisha la chumba chake.

Mlango ulifunguliwa. Alitoka na koti lake, begi mkononi, akaja hadi kwenye kioo changu.

"Zima hiyo gari. Si ulisema inaharibika?"

"Haijapata moto," nilimwambia.

"Na haitapata ikiwa hapa. Si ulisema inataka barabara?"

"Ndiyo. Inataka mtu wa kuiendesha mwendo mmoja. Mimi siwezi mwendo mmoja, Baba. Unanijua."

 Leseni yake sijawahi kuona imeisha muda, yupo radhi akose chai ili ailipie, lakini tangu aje kwangu sikuwahi hata siku moja kumwachia usukani. Nilihamia kiti cha kushoto. Aliweka begi kiti cha nyuma, akaingia, akasogeza kiti, akarekebisha vioo kimoja kimoja taratibu, na mimi nikakalia mikono yangu nisimsaidie.

Tulishuka Milimani. Kwenye barabara kuu alisimama. Kushoto ni njia ya kwenda Bahati, kulia ni Njoro. Magari hayakuwepo upande wowote, lakini hakuondoka. Maneno yalinijaa mdomoni, yote, ya kumwomba na ya kumgombeza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliyameza.

Akawasha indiketa ya kulia.

Alipanda ule mwinuko bila kuongeza wala kupunguza, mkono mmoja juu ya goti. Hakuna kabichi iliyotupita. Simu yangu ililia, msichana wa dukani akitaka kujua nani atafungua, nikamwambia angoje. Tulipofika kwenye mashamba ya ngano ile taa ikazimika yenyewe. Nilimgusa bega.

"Baba, imezimika. Sasa tunaweza kugeuka."

Alitupia dashibodi jicho, akarudisha macho barabarani.

"Bado, mama," akasema. "Haijapata moto."