Meno ya Dhahabu Chini ya Tupa

Ile kadi ya kompyuta niliisubiri wiki sita, ikaja kuharibiwa kwa asubuhi moja, mimi nikiwa kliniki napima uzito wa mtoto. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga tupa chuma, mkono unaniwasha.

Mume wangu alipopunguzwa kazi, wakati viwanda vinauzwa, ofisi yao ilitupa vitu vyake nje na yeye akarudi nyumbani na kompyuta. Akaiweka sebuleni kwetu Kiseke, akaitandikia kitambaa nilichofuma mwenyewe, kisha akaanza kucheza karata za kwenye skrini. Asubuhi karata, mchana karata, chakula kinapoa yeye anasubiri mzungu wa kopa. Mimi niliyetoka kidato cha nne nikiwa nimejifunza kupiga chapa ndiye niliyeifanya ile mashine ilete unga. Nilichapa ratiba za mazishi, mitihani ya shule, na barua za kuomba kazi za wenzake waliopunguzwa naye. Yeye mwenyewe barua ya kuomba kazi hakuwahi kuniletea.

Ndipo ikaja harusi. Mama mmoja mwenye duka la vitenge mjini alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya mpwa wake, na alitaka kadi za mchango mia tatu. Tena si kadi za kuandika majina kwa kalamu. Alitaka maua pembeni, zambarau na dhahabu. Akaniambia, "Jumamosi nione rangi kwa macho yangu. Ukinipendeza mimi, kamati zote za mji huu zitakuja kwako."

Nilijua ni kweli. Mji mzima ulikuwa unaoana, na kila harusi ilikuwa na vikao, na kila kikao kilikuwa na kadi.

Tatizo ni kwamba kompyuta yetu ilijua rangi kumi na sita tu. Dhahabu yake ama ilikuwa limau ama ilikuwa tope. Nilikuwa nachagua kwa kubahatisha, nabeba disketi mpaka kwa mwenye printa ya rangi mjini, na kinachotoka pale sicho nilichokiona nyumbani. Kitabu kilichokuja na mashine kilieleza sababu: ndani kuna bodi ndogo, wanaiita kadi, inayopeleka picha kwenye skrini, na yetu ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Ukiweka kubwa zaidi, rangi zinakuwa maelfu. Nilikisoma kwa kamusi, titi likiwa mdomoni mwa mtoto.

Dada yangu, anayefuata mitumba Nairobi, ndiye aliyeniletea hiyo kadi, niliyomwagiza hata kabla harusi haijatajwa. Ilivuka mpaka wa Sirari ndani ya soksi. Niliipokea Jumatano jioni. Ilikuwa na safu ya meno ya dhahabu yanayong'aa, mafupi, yamepangwa kama ya mtoto. Nikafungua mashine kwa bisibisi nikachungulia. Kadi ya zamani ilikuwa kwenye mfereji mweusi mrefu. Pembeni yake kulikuwa na mifereji mitatu mifupi, myeupe, mitupu. Nikaisogeza kadi mpya karibu bila kuigusisha. Inaingia kwenye nyeupe, hata kipofu angeona kwa kupapasa.

Nikamwambia mume wangu, "Kesho nikitoka kliniki nitaiweka. Inakaa kwenye nyeupe."

Hakugeuza shingo. "Mama, umeme si ugali. Hiyo ni kazi ya fundi."

"Fundi gani?"

"Wa Igoma."

"Yule wa magari?"

"Na redio pia."

Nilidhani ni maneno tu. Saa nne kesho yake nilirudi na mtoto mgongoni, meza tupu, kitambaa changu sakafuni, na shuka la mtoto halipo. Alikuwa ameifunga mashine kwa shuka la mwanangu, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaenda nayo Igoma. Akarudi mchana akipiga mluzi.

"Imeingia?" nikamuuliza.

"Imeingia, ila haijawaka vizuri."

Nikaiwasha. Skrini nyeusi. Mashine ikalia mara tatu, kama mbuzi. Nikafungua. Kadi yangu ilikuwa imebanwa kwenye mfereji mweusi, upande mmoja umelika, meno kadhaa hayapo. Vumbi la dhahabu lilikuwa limeganda kwenye shuka la mtoto. Ndiyo dhahabu pekee niliyoipata katika harusi ile.

Nilimfunga mtoto upya mgongoni nikaenda Igoma.

Fundi alikuwa anachonga bushi ya lori. Akanisogezea kigoda. "Shemeji, karibu. Mtoto kanenepa."

"Kadi yangu umeipiga tupa?"

"Kidogo tu. Ilikuwa inakataa."

"Inakataa kwa sababu si mahali pake!"

"Shemeji, ya zamani ilitoka tundu jeusi. Mpya itakaa wapi kama si pale ilipotoka ya zamani?"

"Yale meupe hukuyaona?"

"Niliyaona," akasema kwa utulivu wa mtu mwenye haki. "Nikajua ni ya akiba."

Wenzake wakacheka. Na nikaelewa, jambo lililoniudhi zaidi. Mtu huyu hakuwa mwizi wala mlevi. Maisha yake yote alikuwa amekata spea ya gari hili akaitia kwenye gari lile, na magari yakatembea. Angetupa sifa yake kama angemrudishia mteja kitu akisema hakiingii. Lakini mume wangu aliambiwa. Aliambiwa kwa Kiswahili, na mtu aliyekuwa amesoma kitabu. Akaona ni heri mwanamume mwenye tupa.

"Mumeo hakusema habari ya nyeupe," fundi akaongeza.

"Najua hakusema."

Nikaidai kadi ya zamani, nikarudi nikaiweka kwa mkono wangu. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha maharage. Rangi kumi na sita zikarudi. Ijumaa nikachagua dhahabu kwa kubahatisha, nikaenda na disketi mjini.

Jumamosi nikamwamkia yule mama shikamoo, akaitika, akavaa miwani. Akaigeuza kadi niliyomchapishia kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza tena.

"Mwanangu," akasema, "wewe una mtoto mchanga. Rangi hii huioni kila asubuhi kwenye nepi?"

Wanawake wa dukani wakaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, kwa adabu, huku machozi yakinichoma. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine.

Nilipofika nyumbani, kompyuta ilikuwa inawaka. Karata. Ile mashine ilikuwa na kitundu cha ufunguo mbele. Ukizungusha, kibodi inakufa, na bila kuandika amri wakati wa kuwasha, karata hazifunguki. Nikaizima mbele ya macho yake, nikazungusha ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Jumatatu akaja jikoni, sauti laini, mikono nyuma.

"Mama, ule ufunguo uko wapi?"

Nikaendelea kusonga ugali.

"Nenda Igoma," nikamwambia. "Fundi wako akakuchongee mwingine."